Onyo Lilifika, Chanjo Ikachelewa

Mwaka 2006 ulipokuwa ukielekea ukingoni, watafiti wa NASA waliona maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakipata joto kuliko kawaida, huku El Niño ikijijenga katika Pasifiki. Mambo hayo mawili yakikutana, Afrika Mashariki hupata mvua za mafuriko. Kisha picha za setelaiti zikaonyesha ukijani ukitanda kwenye nyika kavu za kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia. Tahadhari ikatolewa wiki mbili hadi sita kabla: jihadharini na Homa ya Bonde la Ufa. Desemba, ugonjwa ukathibitishwa Garissa. Hadi mlipuko ulipotulia mwaka 2007, hesabu za Shirika la Afya Duniani zilionyesha kuwa watu zaidi ya 300 walikuwa wamefariki Kenya, Somalia na Tanzania.

Sayansi ilikuwa imefanya kazi yake. Kwa nini basi watu walikufa?

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Watafiti wa maabara ya mifugo ya Kabete, Kenya, waliueleza mwaka 1931, baada ya wanakondoo kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Siri yake iko ardhini. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wenye unyevu, pembezoni mwa mabwawa ya msimu, na baadhi ya mayai hayo hurithi virusi kutoka kwa mbu mama. Bwawa likikauka, mayai hayafi. Hulala udongoni miaka kadhaa, mpaka yaje mafuriko yanayotuama. Hapo mbu huanguliwa kwa wingi na kuvamia mifugo, kisha mbu wa jamii ya Culex, waliozaliana katika maji hayohayo, huuchukua ugonjwa na kuusambaza. Kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia wenye mimba huanza kuzitupa, pengine karibu zizi zima. Binadamu huupata akiumwa na mbu, na zaidi akigusa damu ya mnyama mgonjwa, akimchinja au akimsaidia kuzaa. Wengi huugua homa wakapona. Wachache hutokwa na damu, ini huharibika, na wengine hupofuka.

Hakuna ushahidi kwamba virusi hivi huruka kutoka mtu hadi mtu, hivyo havijaizunguka dunia kama UVIKO-19. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani limeviweka katika orodha ya magonjwa ya kupewa kipaumbele katika utafiti, pamoja na Ebola na Marburg. Naona sababu nyingine ya kuviangalia kwa makini: ni nadra ugonjwa kutoka kwa wanyama kutupa nafasi ya kuuona ukija kutoka mbali namna hii. Tukishindwa hapa, ule utakaokuja bila kupiga hodi tutauzuiaje?

Baada ya mlipuko, watafiti waliketi na wafugaji wa Kenya na Tanzania wakapanga matukio yalivyofuatana. Kwa wastani, tangu mvua kubwa kuanza hadi mbu kutanda zilipita siku kama 24. Siku 17 baadaye mifugo ikaanza kuugua, na baada ya siku nyingine 17 au 18, wakaugua watu. Lakini tangu mnyama wa kwanza kuugua hadi huduma za mifugo kufika, ilipita takriban miezi miwili. Wafugaji wa Kisomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya walikuwa wameziona dalili mapema, mvua isiyo ya kawaida, mbu wasio wa kawaida, mimba kutoka. Walichokosa ni mtu wa kumwambia ambaye angekuja na kitu mkononi.

Tena kusema kuna gharama. Mfugaji akitoa taarifa, karantini inawekwa na mnada unafungwa, naye hana mshahara wa kungojea mwisho wa mwezi. Mwaka 2000 ugonjwa ulipozuka Saudi Arabia na Yemen, mara ya kwanza kuthibitishwa nje ya Afrika, ulifuatwa na marufuku ya Saudi Arabia dhidi ya mifugo ya Somalia, iliyodumu hadi 2009. Miaka tisa! Kenya nayo ilipoteza zaidi ya shilingi bilioni 2.1 katika mlipuko wa 2006 na 2007. Anayejua hayo, na akajua pia kwamba hatalipwa fidia, ana kila sababu ya kunyamaza na kuwauza wanyama wake haraka.

Nasi wenyewe huyatengeneza mazingira ya mbu. Mwaka 1987, baada ya bwawa la Diama kukamilika kwenye Mto Senegal, homa hii iliua watu zaidi ya 200 upande wa Mauritania. Anayechora skimu ya umwagiliaji anastahili kuketi na daktari wa mifugo kabla ya tingatinga kuwashwa.

Chanjo ya mifugo ipo, na Kenya huizalisha. Ile ya zamani huweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe, na mlipuko ukishaanza, sindano moja inayopita kutoka mnyama hadi mnyama huweza kueneza virusi vilevile tunavyovikimbia. Ndiyo maana kuchanja kunapaswa kutangulia mbu. Lakini milipuko mikubwa hupishana kwa miaka mingi, mara nyingine karibu kumi, na katika miaka hiyo ya ukame hakuna anayeulizia chanjo. Kiwanda hakiwezi kuweka akiba ya dozi zisizo na mnunuzi, na bajeti ya ufuatiliaji huhamishiwa kwingine.

Mei 2025 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkataba wa magonjwa ya mlipuko, unaozitaka ziunganishe ulinzi wa afya ya binadamu, wanyama na mazingira. Kwa Garissa, Wajir na Dodoma, mkataba huo utakuwa na maana ukilipia mambo matatu wakati nyika ikiwa kavu: akiba ya chanjo, mshahara wa ofisa mifugo wa kata, na fidia kwa mfugaji wa kwanza atakayepiga simu.