Mnaota mianga ya kaskazini? Anzieni Bagamoyo

Wapendanao wengi siku hizi wana picha moja kwenye simu: anga la kijani la Tromsø, Norway, likicheza juu ya theluji. Na sisi tulikuwa nayo. Mwenzangu alishasema fungate yetu ni huko, basi.

Wazo tamu, ila lazima mlikalie na kalamu. Mianga ile hutokea chembe kutoka kwenye jua zinapogonga hewa karibu na ncha za dunia. Huku kwetu, nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, ukeshe usikeshe huioni. Inabidi uifuate, kati ya Septemba na Machi, usiku wa kule ukiwa na giza la kutosha. Ada ya viza pekee, tangu Juni 2024, ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Hapo hujagusa tiketi, hoteli wala makoti. Na ukishafika, wingu likitanda ndiyo imetoka hiyo.

Jumla yetu ilikaribia pesa tuliyoiweka kwa ajili ya kiwanja. Kukawa kimya. Ndipo nikamuuliza swali ambalo nawe msomaji muulize wako: "Hivi, unachokitaka hasa kule ni nini?" Akajibu: giza, utulivu na mimi, bila simu kuita. Jamani! Yeye anafanya kazi kwa zamu, mimi foleni inanirudisha saa tatu usiku. Tulikuwa tunaonana kama wapangaji wa nyumba moja.

Giza lipo Bagamoyo, kilomita 70 hivi kutoka Dar. Tulipanga hivi:

Mwezi kwanza. Chagueni siku za mwishoni mwa mwezi wa Kiislamu hadi mwandamo, mbalamwezi haisumbui. Ndiyo siku za bamvua pia, maji hujaa na kupwa sana, kwa hiyo waulizeni wavuvi kabla ya kutandika mkeka.

Msimu. Kwepeni masika, Machi hadi Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua ni chache, na Njia Nyeupe hupita juu ya vichwa vyenu mapema usiku. Juni mtauona na Msalaba wa Kusini. Mkiamka alfajiri mwezi Julai au Agosti, Kilimia kiko upande wa baharini, nyota zile zilizopewa jina kutokana na kulima.

Mahali. Laleni hoteli ya ufukweni yenye mlinzi, msizurure gizani. Mwombeni meneja azime taa za nje kidogo. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Wenye nafasi wasogee Saadani, hifadhi ya taifa inayogusa bahari. Mchana kuna magofu ya Kaole na samaki wa kukaanga sokoni.

Faida yake? Tukiwa chali mkekani, tuliongea jambo tulilolikwepa miezi sita: mama yake kuja kuishi nasi. Hakuna aliyenuna. Gizani mtu hukazii macho uso wa mwenzake, husikiliza.

Norway hatujaifuta, ina kibubu chake, na kiwanja kina chake. Ninyi tazameni kalenda ya mwezi leo, ombeni ruhusa kazini, na simu zibaki chumbani. Kila la heri!