Jimbo, Mtaa na Neema: Istilahi za Kanisa la Anglikana katika Chamwino

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kuletewa orodha za istilahi za fizikia, za benki, za uhandisi na za sheria. Istilahi za dini hazijapata nafasi kubwa katika kurasa hizi, na sababu yake yafahamika: kila dini ina wataalamu wake, na chombo cha serikali hakipendi kuonekana kikiwafundisha watu namna ya kusali. Hata hivyo, mtu akijiuliza ni wapi mwananchi wa kijijini anapoyasikia maneno ya kitaalamu kila juma, yakiwa katika mpangilio maalumu, mbele ya mwalimu mwenye jukumu la kuyafafanua, hatakawia kuiona nyumba ya ibada. Kwa wazee wengi wa Ugogo, nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa darasa lao la kwanza la Kiswahili. Madhumuni ya makala haya ni kueleza hali ya istilahi hizo katika mahali pamoja, yaani katika makanisa ya Anglikana ya Wilaya ya Chamwino, Mkoa wa Dodoma, na kuonyesha zinaposaidia na zinapokwaza.

Nianze na kisa. Bibi mmoja alikwenda katika ofisi moja kumwandikisha mjukuu wake, akiwa na cheti cha ubatizo kama ushahidi wa tarehe ya kuzaliwa. Katika cheti hicho zilikuwamo nafasi tatu: Dayosisi, Parishi na Mtaa. Karani alikisoma, akauliza: "Bibi, mtaa huu uko mji gani? Kwenu ni kijijini, hakuna mitaa, kuna vitongoji." Bibi akajibu kwamba mtaa ndilo kanisa lao, lile lililo karibu na mbuyu. Karani akaona ameulizwa jambo moja akajibiwa jingine, naye alichotaka ni karatasi isiyo na utata. Bibi alirudishwa mara mbili, na safari zote mbili alikwenda kwa miguu. Mara ya tatu, ambapo nilikuwapo kwa shughuli zangu nyingine, alikuja na barua ya mchungaji iliyoeleza kwamba mtaa ni tawi la parishi, lisilo na mchungaji wake lenyewe, linalotunzwa na mwinjilisti. Mtoto akaandikishwa.

Sitaki kumlaumu karani. Katika mpangilio wa utawala wa nchi yetu, mtaa ni ngazi ya mwisho ya mji, na kijiji kina vitongoji. Karani alilisoma neno kama alivyofundishwa kulisoma. Bibi naye alilitumia kama alivyolisikia tangu utoto wake. Neno moja lilibeba dhana mbili katika karatasi moja, na gharama ikalipwa kwa miguu ya mtu mzee.

Mtaa una nafuu, maana maana zake ni mbili tu. Neno lenye taabu zaidi ni jimbo. Katika Kanisa Katoliki, jimbo ni eneo lililo chini ya askofu mmoja, na eneo la askofu mkuu ni jimbo kuu. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, eneo la askofu huitwa dayosisi, na jimbo ni sehemu ya dayosisi hiyo, iliyo chini ya mkuu wa jimbo. Kwa Waanglikana mambo yamepinduka: dayosisi ndilo eneo la askofu, kama kwa Walutheri, lakini jimbo ni kubwa kuliko dayosisi, maana ni jumla ya dayosisi zote za nchi chini ya askofu mkuu. Jimbo la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1960, na mwaka 1970 lilipogawanywa ndipo lilipozaliwa Jimbo la Tanzania. Kwa hiyo neno lile lile ni dogo kuliko dayosisi kwa Mlutheri, ni sawa nayo kwa Mkatoliki, na ni kubwa kuliko yote kwa Mwanglikana. Tena mwananchi yeyote, awe wa dini yoyote, analo jimbo lake la uchaguzi. Na wazee wa Dodoma bado wanakumbuka Jimbo la Kati la enzi ya ukoloni, ambalo makao yake yalikuwa mjini kwao, kabla mikoa haijachukua nafasi ya majimbo baada ya uhuru.

Mtu aweza kusema kwamba muktadha hutatua yote haya. Ndani ya kanisa moja hutatua. Lakini Chamwino haina kanisa moja. Katika familia moja mama husali Anglikana, mkwe husali Katoliki, na kijana aliyerudi kutoka masomoni ameoa Mlutheri. Tangazo la ndoa likitaja jimbo, kila mmoja husikia eneo lake.

Kwa upande wa ngazi ya chini ya dayosisi, maneno yametengana, na kutengana huko ni heri. Wakatoliki wana parokia na vigango, Walutheri wana usharika na mitaa, Waanglikana wana parishi na mitaa. Parokia na parishi ni ndugu: yote mawili chimbuko lake ni neno moja la Kiyunani lenye maana ya kukaa mahali kama mgeni. Moja lilipitia Kilatini, jingine likapitia Kiingereza, na kila moja likavaa nguo za njia yake. Usharika ni neno lililotengenezwa hapa hapa kutokana na shina la Kiarabu, ingawa limekaa karibu mno na ushirika, ambao kijijini ni chama cha wakulima. Nimesikia mzee akitania kwamba Ushirika Mtakatifu ndio ushirika pekee ambao mhasibu wake hajapata kutoroka.

Ili tufahamu utajiri huu wa maneno ulikotoka, yafaa tukumbuke kwamba Uanglikana uliletwa Tanganyika na mashirika mawili yasiyokuwa na ladha moja. Shirika la Vyuo Vikuu, ambalo kifupi chake ni UMCA, lilikuwa na makao Unguja, na lilienea Magila na Masasi. Askofu wake Edward Steere ni miongoni mwa waanzilishi wa uchunguzi wa sarufi ya Kiswahili. Shirika la CMS lilianzia Mombasa, na katika miaka ya 1870 lilifika Mpwapwa, kisha likajenga Mvumi na Kongwa. Waunguja walipenda ibada yenye uvumba na mavazi, na walisema padre na misa. Watu wa CMS walipenda mahubiri, wakasema mchungaji na Meza ya Bwana. Dayosisi iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1927, chini ya Askofu George Alexander Chambers kutoka Australia, ilirithi maneno ya upande wa pili. Biblia ya mwaka 1952, iliyounganisha tafsiri ya Unguja na ile ya Mombasa, ilizipatanisha pande hizo katika maandiko, wala haikufika katika mazungumzo ya baada ya ibada. Mpaka leo Mwanglikana wa Masasi akifika Mvumi na kumwita kiongozi wa parishi "padre", wenyeji hutambua mara moja kwamba ametoka kusini.

Hapa naomba ruhusa ya kutoa dukuduku la kiofisi. Dayosisi hiyo ya Dodoma, katika karatasi zake za Kiswahili, huitwa Dayosisi ya Central Tanganyika. Neno la kwanza limefanywa Kiswahili, la pili limeachwa Kiingereza, na la tatu ni jina la nchi tuliloliacha mwaka 1964. Wenyewe hulipenda hivyo kwa sababu ya historia yake, na jina ni mali ya mwenye jina. Lakini ningefurahi kuiona Tanganyika ya Kati walau katika mabano.

Maneno ya viongozi yanaonyesha vizuri jinsi dini mbili kuu zinavyokunywa katika kisima kimoja. Askofu, kasisi na shemasi yametujia kwa njia ya Kiarabu, kama yalivyotujia kanisa, injili, zaburi, sadaka na ibada. Askofu lenyewe Waarabu walilipata kwa Wayunani, ambako maana yake ni mwangalizi. Ndilo shina ambalo makanisa ya Anglikana ya Uskoti na Marekani yamejiitia jina, yaani makanisa ya kiaskofu. Sala na swala ni neno moja lililogawanywa kwa tahajia, Mkristo akachukua la kwanza na Mwislamu la pili. Mgawanyo huo haukuamuliwa na kamati yoyote, na umefanya kazi yake vizuri kuliko maamuzi mengi ya kamati.

Mchungaji ni neno la Kibantu tupu, nalo katika Ugogo lina mzigo wake. Wagogo ni wafugaji, na kuchunga ng'ombe na mbuzi ni kazi ya wavulana. Kumwita mzee mwenye mvi mchungaji kungeweza kuwa dharau. Lakini neno limepata heshima yake kwa sababu kila mtu anajua kazi yenyewe: mchungaji huhesabu jioni, na mnyama akipungua hurudi porini. Kasisi haina picha hiyo, na pengine ndiyo sababu haikuota mizizi huku.

Jina la Mungu nalo halikuleta shida yoyote. Kigogo husema Mulungu. Kiswahili kiliipoteza l iliyo kati ya irabu mbili, ndiyo maana vitabu vya zamani viliandika Muungu, na baadaye irabu mbili zikawa moja. Mwanafunzi wa Kigogo anapolisikia neno la Kiswahili hulitambua kama ndugu aliyenyoa nywele.

Sasa nifike kwenye mafundisho, ambapo istilahi hupimwa kwelikweli. Kijana wa Kianglikana aliyebatizwa utotoni huhudhuria darasa la kipaimara kabla askofu hajamwekea mikono. Kipaimara ni istilahi ambayo mimi naihesabu miongoni mwa bora kabisa katika lugha yetu: ki-, -pa na imara, yaani kile kipacho uimara. Haikuazimwa, haihitaji maelezo marefu, na madhehebu makubwa yote matatu niliyoyataja huitumia. Wale tunaohangaika kutunga majina ya mitambo tungefaa kuitazama mara kwa mara.

Nilikaa nyuma ya darasa moja la namna hiyo, katika jengo la matofali ya udongo. Mwalimu aliingia, akasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kisha akaendelea kwa Kiswahili. Aliuliza: "Neema ni nini?" Jibu la kitabu linajulikana, nalo lilikuwa limeandikwa ubaoni juma lililotangulia. Kijana mmoja akasimama, akasema: "Mwalimu, neema ni mvua ikinyesha mpaka Aprili."

Wenzake walicheka. Mwalimu hakucheka. Yafaa msomaji ajue kwamba Chamwino ipo katika nyanda kame za kati, ambako mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba, na ikikatika Februari uwele na mtama hunyauka kabla ya kutoa masuke. Katika matumizi ya kila siku ya Kiswahili, mwaka wa neema ni mwaka wa chakula. Kijana alikuwa amejibu kwa maana ya kawaida ya neno, naye hakukosea hata kidogo. Mwalimu alimwuliza: "Mvua hiyo uliinunua?" "Hapana, mwalimu." "Uliifanyia kazi?" "Hapana. Nililima, lakini mvua ilikuja yenyewe." "Na jirani yako asiyesali, ilinyesha shambani kwake?" "Ilinyesha." Mwalimu akafuta ubao, akawaambia waandike upya kwa maneno yao wenyewe.

Katika nadharia ya istilahi tunafundishwa kwamba neno la kawaida likipewa maana maalumu, maana ya zamani huwa kikwazo, na kwamba ni salama zaidi kuazima neno geni lisilo na historia. Ndivyo walivyofanya waliochagua ekaristi, sinodi na katekisimu. Darasa lile limenifanya nipunguze imani yangu katika kanuni hiyo. Neno geni ni safi, lakini hukaa kichwani peke yake kama mgeni asiye na jamaa, na mwalimu asipokuwapo halina wa kulieleza. Neema ilikuwa na jamaa tele, na mwalimu hodari alijua kuwaita. Mwalimu asiye hodari angemkalisha kijana yule chini, na maana mbili zingeendelea kukaa mbalimbali.

Lipo pia kundi la maneno ambayo hayakupitia kwa mmisionari wala kwa kamati. Katika miaka ya 1930 ulianza uamsho kutoka Rwanda na Uganda, ukaenea katika makanisa ya Anglikana ya Afrika Mashariki, Dodoma ikiwamo. Waumini wake walileta kushuhudia, kutembea nuruni, na ushirika kwa maana ya mkutano wa ndugu. Walileta pia mlokole, neno la Kiganda lenye maana ya aliyeokoka. Ajabu ni kwamba -okoka ilikuwapo katika Kiswahili muda wote, na ni jamaa wa neno hilo la Kiganda. Watu walitaka neno la kuwatambulisha wale jamaa wa aina fulani, wanaoimba namna fulani na kuungama hadharani, na aliyeokoka lilikuwa pana mno. Mlokole lilianza kama jina la kundi, mara nyingi kwa kejeli. Leo hutumiwa kwa Mkristo yeyote wa mwelekeo huo, na mwenyewe hulipokea bila kuudhika.

Je, chombo cha lugha kifanye nini? Sioni faida ya kuyaambia makanisa yachague jimbo moja. Maneno hayo yameandikwa katika katiba zao, katika mihuri na katika mawe ya msingi. Linalowezekana ni dogo zaidi. Kwanza, kamusi zetu ziorodheshe maana za jimbo, mtaa na ushirika kwa kutaja dhehebu, kama zinavyotaja taaluma kwa maneno ya sheria au tiba. Pili, waandaaji wa fomu za serikali waandike "jimbo la uchaguzi" kwa ukamilifu, wasiache jimbo peke yake. Tatu, makanisa yenyewe yakumbuke kwamba cheti cha ubatizo husomwa na watu wasioingia kanisani mwao.

Katika jambo hili la tatu, parishi ya yule bibi imetutangulia. Katibu wake alinionyesha kitabu cha vyeti vipya vya mwaka huu. Vimechapwa kwa umbo lile lile la zamani, lakini mbele ya neno Mtaa ameongeza kwa kalamu, katika kila karatasi, maneno mawili: "wa kanisa".