FUNDI WA BARIDI YUKO JUU YA PAA: USIGUSE UMEME!

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu kando ya jiko, leo tuzungumze juu ya mutu mwenye tunamukumbuka siku moja tu: siku joto linapotushinda. Ni fundi wa baridi, yule wengine wanamwita frigoristi. Klimatizeri za biro, vyumba vya baridi vyenye kuchunga nyama na samaki wa kantini, friji za dawa na damu kwenye lopitalo, hata nyumba ya maiti, vyote hivyo viko mikononi mwake.

Unajua mwezi wa kumi hapa kwetu Katanga. Mvua haijaanza vizuri, jua linachoma, joto linapita digri 30, na mashini zinaharibika zote pamoja. Si bahati mbaya. Klimatizeri haitengenezi baridi kama jiko linavyotengeneza moto. Inachukua joto la ndani na kulitupa inje. Inje kukiwa na joto kali, kulitupa kunakuwa kazi ngumu, nguvu ya gazi inapanda ndani ya bomba, na mashini yenye kujaa vumbi inakufa ya kwanza. Basi siku moja fundi anaitwa mahali pengi, na kila mahali wanamuuliza neno moja: «Baba, utamaliza saa ngapi?»

Neno hilo ndilo linaleta hatari. Kazi yake inabeba umeme, moto, gazi na kupanda juu, vyote kwa siku moja. Akipewa wakati, anajua namna ya kujilinda na vyote vinne. Kile hawezi kujilinda nacho peke yake ni kidole cha mutu mwenye kubaki chini.

Angalia namna inavyotokea. Mashini iko juu ya paa, sanduku la umeme liko chini karibu na mulango. Fundi anakata umeme, anapanda ngazi, anafungua mashini, anatia mikono karibu na feni. Karani anatoka katika chumba chake akitoa jasho, anaona mukono wa sanduku umeshuka, anasema moyoni: «Kumbe umeme ulikatika tu,» anaupandisha. Hana moyo mubaya, maskini. Lakini kule juu feni inageuka na vidole viko ndani, ao umeme unapita katika mwili wa mutu aliyesimama pembeni ya paa. Hata ukimushitua kidogo tu, inatosha kumwangusha.

Kwa hiyo fundi mwenye akili anafunga sanduku na kadena yake mwenyewe, anatia ufunguo katika mufuko wake, na anatundika karatasi yenye jina lake. Kadena ile haiondolewi na shefu wa biro, wala na mulinzi, wala na fundi mwingine. Anaiondoa yeye aliyeifunga. Kama ana musaidizi, musaidizi naye anafunga yake. Ukikuta karatasi bila kadena, ihesabu kuwa kadena.

Na umeme ukikatwa, haujaisha wote. Ndani ya mashini kuna kitu kidogo kama kopo, kondansateri, chenye kuchunga umeme ili mota ipate nguvu. Kinaweza kuendelea kuuchunga hata kisha kukata. Fundi anautoa na chombo chake, anapima, ndipo anagusa. Ukimwona amesimama kimya na kipimo mukononi, usiseme anachezea mushahara wa kampuni.

Tuje kwa gazi. Mashini nyingi za zamani zinatumia R-22. Mwaka wa 1987, kule Montréal, mataifa yalipatana kuacha pole pole gazi zenye kuharibu ozoni, ile ngao ya juu angani yenye kutukinga na ukali wa jua. Kwa inchi kama yetu, mwisho wa R-22 umewekwa mwaka wa 2030, isipokuwa kidogo ya kutengenezea mashini za zamani. Kati ya zile zinazochukua pahali pake, R-32 inaweza kuwaka, na R-290 ni propani yenyewe. Basi usimusogelee fundi na sigara yako.

R-22 haina rangi, harufu yake ni ndogo sana, tena ni nzito kuliko hewa. Ikitoka, inashuka na kujaa chini, ndani ya shimo ao chumba cha baridi kilichofungwa, na inafukuza hewa tunayovuta. Ninyi wachimbaji munajua hewa mubaya kuliko mimi. Ukiona fundi ameanguka ndani ya chumba cha baridi, usikimbilie ndani. Fungua mulango kabisa, piga kelele, ita watu wenye vyombo vya kupumulia. Mara nyingi mutu wa pili anakufa kando ya wa kwanza.

Gazi hiyo ikiruka juu ya ngozi ingali maji, inaunguza kama moto, kwa sababu baridi yake inafika karibu digri 40 chini ya sifuri. Usisugue pahali pale, usipapashe moto. Tia katika maji ya vuguvugu, kisha njoo dispanseri.

Lakini lile linalonitia woga zaidi halionekani kwenye ngozi. Fundi anaunganisha bomba na moto wa shalumo. Kama R-22 imebaki ndani na inakutana na moto, inaweza kugeuka kuwa gazi za sumu, na kati yazo fosijeni, ile askari walitupiana katika vita ya 1914-1918. Mutu anakohoa kidogo, macho yanamuwasha, kisha anajisikia vizuri. Anarudi nyumbani, anakula, analala. Saa nyingi kisha, pengine hata siku nzima, mapafu yanaanza kujaa maji.

Mama, hapa ndipo wewe unakuwa munganga wa kwanza. Bwana yako akisema alivuta moshi mukali wakati wa kuunganisha bomba, usimupe maziwa na kungoja asubuhi. Asibebe kitu, asitembee mwendo mrefu kwa miguu. Tafuta gari, aketi akiinua kifua, afike lopitalo saa ile ile, hata kama anacheka na kusema unamuhangaikia bure.

Fundi mwenye kupewa wakati anatoa kwanza gazi yote na kuitia katika chupa, anapitisha azoti ndani ya bomba, anafungua madirisha, ndipo anawasha moto. Mwenye kusukumwa anaruka hatua. Na kuna wengine, azoti ikikosa kwenye magazini, wanachukua oksijeni ili kupima kama bomba linavuja. Oksijeni yenye nguvu ikikutana na mafuta ya kompreseri, inalipuka. Azoti ikikosa, kazi ingoje, hata kama ni biro ya mukubwa wa wakubwa. Atafungua dirisha kama sisi wengine.

Mukimuleta mugonjwa kwetu, leteni pia jina la gazi. Limeandikwa kwenye chupa na kwenye kibao cha mashini: R-22, R-32, R-290. Asiyejua kusoma achore namba zile jinsi anavyoziona, juu ya karatasi ao juu ya mukono wake. Sisi tutazisoma.