Saa 156 bila mashine

Jumatatu ni siku mbaya kwenye wodi za dayalisisi. Wagonjwa wanaosafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hufa zaidi Jumatatu kuliko siku nyingine. Wale wa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, siku yao ya hatari ni Jumanne. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu za wagonjwa zaidi ya 32,000. Siku inayofuata mapumziko ya siku mbili, vifo vilikuwa sawa na 22.1 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka. Siku nyingine, 18.0. Mashine ni ileile, dawa ni zilezile, wauguzi ni walewale. Mgonjwa ameongezewa siku moja tu ya kukaa bila mashine.

Figo zenye afya hazina zamu. Zinafanya kazi saa 168 kwa wiki, mwenyewe akiwa amelala au yuko shambani. Dayalisisi inayotajwa kwenye vitabu ni ya saa nne, mara tatu kwa wiki, yaani saa 12. Kwa hiyo hata mgonjwa asiyekosa siku hata moja anaishi saa 156 kila wiki na maji, chumvi, potasiamu na taka ambazo hazina pa kutokea. Ukiuliza kwa nini huyu ameishi miaka 15 na dayalisisi na mwenzake hakumaliza mwaka, usianze kwa kuikagua mashine. Anza na zile saa 156.

Kwetu saa hizo ni nyingi zaidi. Nchini Kenya, mfuko wa bima ya afya wa taifa, NHIF, ulikuwa ukilipia mizunguko miwili kwa wiki kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na mamlaka mpya, SHA, Oktoba 2024, na kwa miaka mingi "mara mbili" ikazoeleka hadi ikaonekana ndiyo tiba yenyewe. Tuhesabu. Anayesafishwa Jumatatu na Alhamisi ana pengo moja la siku mbili na jingine la siku tatu, kila wiki. Lile pengo lililowatisha Wamarekani, kwake ndilo fupi. Na huyo ana nafuu, kwa kuwa ana bima. Asiye nayo hulipa kutoka mfukoni: familia huanza na ng'ombe, ikafika kwenye kiwanja, halafu mizunguko ikaanza kupunguzwa, mbili ikawa moja, moja ikawa "akizidiwa tutampeleka". Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi za Afrika kusini mwa Sahara zinaonyesha kuwa wengi wanaoanza dayalisisi huiacha ndani ya miezi michache ya mwanzo, na sababu kubwa ni fedha. Kwangu mimi, mjadala wowote wa nani anaishi na nani anakufa unaoruka jambo hili ni mjadala wa nchi nyingine.

Sasa, siku hizo za katikati zinaua vipi? Wengi hudhani mgonjwa wa figo hufa kwa figo. Ukweli ni kwamba anayeongoza kwa kuua ni moyo, kisha maambukizi.

Moyo unaumizwa na maji kwa njia mbili: yanapojaa, na yanapotolewa kwa haraka. Kila mgonjwa wa dayalisisi ana kile wauguzi wanachokiita uzito mkavu, yaani uzito wake akiwa hana maji ya ziada. Akifika kituoni anapanda mizani, na kilo zilizozidi ndiyo maji ya kutolewa. Wataalamu wameona kuwa hatari ya kufa hupanda pale kasi ya kutoa maji inapozidi mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni mililita 780 kwa saa, takriban lita tatu kwa mzunguko wa saa nne. Mchukue mgonjwa wetu wa Jumatatu na Alhamisi. Tuseme anaongeza lita moja tu kwa siku. Kutoka Alhamisi hadi Jumatatu ni lita nne, na kuzitoa kwa usalama kunahitaji zaidi ya saa tano. Mashine inaweza kuzitoa kwa saa nne bila shida yoyote. Moyo ndio hauwezi. Presha inaanguka, misuli ya miguu inakaza, na sehemu za msuli wa moyo zinakosa damu na kuzubaa kwa muda. Zinapozubaa mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, baadhi haziamki tena.

Mgonjwa huambiwa "punguza maji". Ushauri huo ni nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye nguvu: punguza chumvi. Anayekula dagaa wa chumvi, achari na supu ya kibandani kisha akaamriwa asinywe maji, ameamriwa apigane na kiu ambayo haijawahi kushindwa na mtu.

Potasiamu ni hadithi nyingine, na ya ghafla zaidi. Ikipanda sana kwenye damu moyo hupoteza mapigo yake, wakati mwingine bila dalili iliyotangulia. Imo kwenye ndizi, parachichi, viazi, maharage, nyanya, tende na madafu. Fikiria meza ya futari Pwani: tende za kufungulia, dafu, muhogo na ndizi za nazi. Ni meza ya baraka kwa kila aliyeketi hapo isipokuwa huyo mmoja mwenye alama za sindano mkononi. Jikoni kuna njia ya kupunguza: viazi na mihogo ikatwe vipande vidogo, ichemshwe kwa maji mengi, maji hayo yamwagwe, ndipo ipikwe upya.

Lakini hapa ndipo familia nyingi huvuka mpaka. Kwa kuogopa kila kitu, mgonjwa anabaki na uji na wali mweupe. Aliyeambiwa apunguze nyama na mayai kabla ya kuanza dayalisisi anaendelea kuviacha hata baada ya kuanza, wakati amri imeshabadilika: dayalisisi inapoteza protini, na mgonjwa anahitaji takriban gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, zaidi ya mtu wa kawaida. Kupungua kwa albumini kwenye damu ni mojawapo ya ishara zinazotabiri kifo kwa wagonjwa hawa. Tena kuna jambo linaloshangaza: kwenye dayalisisi, wanene kwa wastani huishi muda mrefu kuliko wembamba. Si mwaliko wa kunenepa, ila jirani anayemsifu mgonjwa kwa "kukatika vizuri" amsifie kitu kingine.

Je, mashine yenyewe haina lake? Inalo, na linaitwa muda. Karibu na Lyon, Ufaransa, kuna mji mdogo wa Tassin, ambako madaktari waliwasafisha wagonjwa kwa saa nane, mara tatu kwa wiki, pamoja na chakula chenye chumvi kidogo. Mwaka 1992 walichapisha matokeo ya wagonjwa 445: asilimia 87 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na asilimia 75 baada ya kumi. Karibu wote walikuwa wameacha vidonge vya presha. Ni kweli kwamba wagonjwa wa enzi ile hawakuwa wazee na wenye kisukari kama wa leo, kwa hiyo si haki kuilinganisha Tassin na wodi ya sasa moja kwa moja. Jaribio kubwa la Marekani lililotolewa mwaka 2002, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 1,800, liliongeza kiasi cha taka kinachoondolewa kila mzunguko wa mara tatu kwa wiki, na vifo havikupungua. Ukiyaweka hayo mawili pamoja unaona kwamba kusafisha kwa nguvu si sawa na kusafisha kwa utulivu. Ndiyo maana dakika 30 anazoomba mgonjwa apunguziwe ili awahi basi, au anazopunguziwa kwa sababu zamu inayofuata imeshapanga foleni, si jambo dogo.

Kisha kuna mlango wa kuingilia kwenye damu. Wagonjwa wengi wa kwetu hujulikana kuwa figo zao zimekufa siku wanapofika wakitapika na kuhema, na siku hiyohiyo hutiwa mpira wa shingoni. Mpira huo unaokoa maisha usiku ule. Ukibaki miezi unageuka kuwa njia ya bakteria kwenda moja kwa moja karibu na moyo. Njia bora ni fistula ya mkono, ambayo haina uhusiano wowote na fistula ya uzazi inayokuja kwanza akilini mwa msomaji wa Kiswahili. Daktari wa upasuaji anaunganisha ateri na vena mkononi, vena inapanuka na kukomaa kwa wiki kadhaa, kisha sindano zinachomwa hapo. Ukiigusa inatetema kama paka anayekoroma. Madaktari wa New York ndio walioieleza kwanza, mwaka 1966. Inahitaji kuandaliwa kabla figo hazijazima kabisa, na inahitaji mishipa mizima. Mwenye figo zinazodhoofika akiambiwa anyooshe mkono kutolewa damu, atoe sehemu ya nyuma ya kiganja, na ule mkono wenye fistula asikubali hata ufungwe mashine ya presha.

Kabla ya fistula kulikuwa na mirija ya Teflon. Machi 1960, mjini Seattle, Dk. Belding Scribner aliiweka mkononi mwa fundi mitambo aitwaye Clyde Shields, na kwa mara ya kwanza figo zilizokufa kabisa zikaacha kuwa hukumu ya wiki chache. Mashine zilikuwa chache mno, ikaundwa kamati ya raia kuchagua nani aingizwe. Wanahistoria huizungumzia kamati hiyo kwa mshangao. Kwetu kamati hiyo haijavunjwa, ila sasa inakaa sebuleni kwa mgonjwa, na wajumbe ni wajomba na shangazi.

Kitu kimoja mgonjwa huwa haulizwi nyumbani: bado unakojoa? Uchambuzi wa wagonjwa wa dayalisisi ya tumboni (aina nyingine, isiyopitisha damu kwenye mashine) nchini Kanada na Marekani, uliotolewa mwaka 2001, ulikuta kwamba kila mililita 250 za mkojo kwa siku ziliambatana na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 36. Chupa ya kawaida ya soda ina zaidi ya hapo. Figo iliyobaki hata kidogo hufanya kazi zile saa ambazo mashine haipo. Ndiyo maana kumeza diklofenaki ya dukani kwa maumivu ya mgongo, au kunywa chupa ya dawa ya mitishamba isiyojulikana, ni kuitupa hazina hiyo kwa jambo ambalo lingetulizwa na paracetamol.

Umri na kisukari vina uzito mkubwa, na mgonjwa hawezi kuvifuta. Lakini maji ya kituo yanaweza kukaguliwa. Kila mzunguko hupitisha takriban lita 120 upande wa pili wa utando mwembamba unaogusana na damu ya mgonjwa. Mwaka 1996, mjini Caruaru, Brazili, maji yenye sumu ya mwani yaliingia kwenye mashine za kituo kimoja na zaidi ya wagonjwa 50 wakafa. Mwenye kituo anayenunua maji ya boza wakati wa mgawo ana sababu ya kuuliza chujio lilipimwa lini.

Kinachozidi yote haya ni kupandikizwa figo. Marekani mwaka 1999 ilionekana kuwa waliopandikizwa figo ya aliyefariki walikuwa na hatari ya kufa, kwa muda mrefu, pungufu kwa asilimia 68 kuliko waliobaki kwenye foleni ya kusubiri. Nchini Tanzania, hospitali ya Muhimbili ilianza upandikizaji Novemba 2017, Dodoma ikafuata mwaka 2018, na anayefaa kuulizia hili ni mgonjwa wa mwezi wa kwanza, kabla mishipa na moyo havijachakaa.

Shields aliishi miaka 11 baada ya ile Machi ya Seattle. Alikufa mwaka 1971, kwa mshtuko wa moyo.