Jiko la gesi likigoma, weka kibiriti kando

Wali wa nazi uko jikoni, watoto wanakaribia kurudi kutoka chuoni, na mara moto wa jiko la gesi wafifia na kuzimika. Utafanya nini? Wengi wetu hutikisa mtungi, tukawasha kibiriti cha pili, halafu cha tatu. Kutikisa mtungi hakutengenezi kitu. Na hicho kibiriti cha pili, ikiwa gesi imekuwa ikitoka bila kuwaka, ndicho kinachoweza kuunguza nyumba.

Hapa Changamwe ndipo palipokuwa na kiwanda cha kusafishia mafuta, kilichoanza kazi mwaka wa 1963 na kuacha kusafisha mafuta mwaka wa 2013. Siku hizi gesi ya kupikia huletwa kwa meli katika bandari yetu ya Mombasa. Kutoka Likoni hadi Kisauni, jamaa nyingi zimeacha makaa na mafuta taa na kununua mtungi wa kilo 6 au wa kilo 13. Kuujua mtungi huo ni wajibu wa kila aliye nyumbani.

Gesi hii ni mchanganyiko wa propani na butani, iliyoshindiliwa hadi ikawa maji. Yenyewe haina harufu. Ule uvundo kama wa yai viza hutiwa makusudi ili ikivuja tujue. Tena ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni. Katika nyumba zetu za Kiswahili, vyumba sita na ukumbi mmoja, gesi inayovuja kwako hupita chini ya mlango ikaingia kwa jirani aliyelaza mtoto kwenye mkeka.

Tanguliza pua

Ukisikia harufu, usiwashe kibiriti, na usiguse swichi ya taa, iwe ni kuwasha au kuzima. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, watoe watoto nje na uwaarifu majirani. Mtungi ukizidi kuvuja hata baada ya kufungwa, tokeni nyote mkawaite wazima moto.

Ikiwa hakuna harufu, fuata njia ya gesi tangu mtungini hadi kwenye moto. Je, gesi imebaki? Mwagia mtungi maji ya uvuguvugu ubavuni, kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Pale baridi inapoanzia ndipo gesi ilipofikia. Ukiwa na mizani, pima: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, na kinachozidi hapo ni gesi. Hesabu hiyo itakufaa hata dukani, usije ukauziwa pungufu.

Halafu tazama regileta, kile kifaa kilichokaa juu ya mtungi. Je, imekaa sawasawa? Imefunguliwa? Mpira wa gesi haukukunjika au kutafunwa na panya? Paka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Mapovu yakifura, hapo panavuja. Funga mtungi na usipike mpaka parekebishwe.

Tazama rangi ya moto

Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na sufuria zinashika masizi, hewa haiingii ya kutosha au matundu yameziba kwa maziwa na uji uliofurika. Kwetu pwani, hewa ya chumvi nayo huleta kutu. Funga gesi, jiko lipoe, kisha toa kile kichwa chenye matundu, kioshe, kichokoe kwa sindano na ukikaushe vizuri. Lakini lile tundu dogo la chini linalopitisha gesi usilichokoe, maana likipanuka litatoa gesi kupita kiasi.

Usiuzoee moto wa manjano. Hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kumuua mtu usingizini. Watu wote nyumbani wakiumwa na kichwa kwa pamoja, zimeni jiko mtoke nje.

Kuna pia majiko ambayo moto huzimika mara tu unapoachia kitufe. Kando ya moto kuna kijiti cha chuma. Kikipata joto hutoa umeme mdogo unaoshikilia njia ya gesi wazi. Kikipoa, njia hujifunga. Shikilia kitufe kwa sekunde kumi hivi. Ikishindikana, subiri jiko lipoe, upanguse masizi kwenye kijiti hicho. Ikishindikana tena, mwite fundi, na usikubali akitoe ili “jiko liwake tu”. Hitilafu hiyo hiyo huzipata baadhi ya heta za gesi za maji ya kuoga, na heta ya namna hiyo isiyo na bomba la kutoa moshi nje haifai kufungwa bafuni.

Usivuke mpaka

Kufungua regileta au kuhamisha gesi kutoka mtungi hadi mwingine si kazi ya nyumbani. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka Embakasi, Nairobi, katika kituo kisicho na leseni. Watu kadhaa walikufa na mamia wakajeruhiwa. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, na uangalie lakiri kabla ya kulipa.

Na leo usiku, kabla ya kulala, usiishie kuzima jiko. Inama uufunge na mtungi wenyewe.