Vifuko vya Mikono ya Mtoto

Usa River ni mji mdogo chini ya Mlima Meru, kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Moshi. Ikweta si mbali sana, na kwa hiyo mgeni aweza kudhani kwamba hapo hapana baridi. Lakini nchi ile imeinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha mlima chafika mita 4,566. Hewa hupoa kadiri mtu apandavyo: kwa kila mita 1,000 joto hupungua yapata digrii 6. Basi katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, ndio wakati wa kipupwe, mawingu huufunika mlima na ukungu hutanda migombani. Katika vijiji vya juu, kama Nkoaranga, baridi huzidi.

Siku ya Jumatano na ya Jumamosi ni siku za soko kubwa la Tengeru. Akina mama huondoka mapema na mizigo yao ya ndizi, na wengine hubeba watoto mgongoni. Mtoto amefungwa vema kwa kanga na blanketi, lakini njiani mkono wake mmoja huchomoka ukabaki nje katika upepo. Kwa ajili ya mkono huo hushonwa vifuko, yaani mifuko midogo isiyo na mahali pa kila kidole.

Mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima. Mwili wake ni mdogo, ngozi yake ni nyembamba, wala hawezi kutetemeka kama mkubwa atetemekavyo ili kujipasha moto. Joto lake lapasa kuwa kati ya digrii 36.5 na 37.5. Lakini mkono wa mtoto mchanga huweza kuwa baridi hata akiwa mzima. Kwa hiyo mama mwenye busara humgusa kifuani au shingoni ndipo ajue hali yake. Ikiwa kifua ni baridi, vifuko havitoshi. Mtoto huwekwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, akavikwa kofia na kufunikwa. Na asipopata joto hupelekwa hospitali.

Kazi ya kushona si ngumu. Kitambaa cha nje chaweza kukatwa katika sweta kuukuu lililonunuliwa sokoni, na cha ndani katika shuka au kanga ya pamba iliyolainika kwa kufuliwa. Vyote viwili hufuliwa kwanza na kuanikwa, maana kitambaa kikiruka maji baada ya kushonwa kifuko hubana.

Kwa mtoto mchanga, mshonaji hukata kiolezo cha karatasi, upana sentimita 9 na urefu sentimita 12, akaviringa pembe mbili za juu. Kwa mtoto aanzaye kutembea, mkono wake hulazwa juu ya karatasi, vidole pamoja na gumba mbali kidogo, ukachorwa pande zote. Kisha huongezwa sentimita 2 kuuzunguka mchoro, moja ya mshono na moja ya nafasi. Kwa jozi moja hukatwa vipande 4 vya nje na vipande 4 vya ndani.

Vipande viwili vya nje hulazwa uso kwa uso, vikashonwa sentimita 1 kutoka ukingoni, na upande wa chini huachwa wazi. Vile vya ndani hushonwa vivyo hivyo, ila mshono huingia ndani zaidi kidogo ili mfuko huo uwe mdogo. Sasa mfuko wa nje hupinduliwa, lakini wa ndani haupinduliwi. Wa ndani hutiwa katika wa nje, na kingo za midomo yote miwili hukunjwa kuelekeana na kushonwa pamoja. Hivyo ncha zote za nyuzi hufichwa katikati ya vitambaa viwili, na mkono wa mtoto hugusa upande laini tu. Mpira mwembamba ukitiwa penye kifundo cha mkono, lazima ulegee hata kidole cha mama kipite bila shida.

Mbona kujisumbua hivyo kwa kitu kidogo? Kwa sababu ya uzi mmoja. Uzi uliolegea ndani ya kifuko, au hata unywele wa mama, huweza kujizungusha kidoleni mwa mtoto. Kila achezapo mkono, uzi hukaza. Damu huzuiwa, kidole huvimba na kugeuka rangi, na kikikawia huweza kufa. Mtoto hana maneno. Hulia tu, na watu hudhani ana njaa. Kwa hiyo mtoto aliaye bila kunyamaza huvuliwa vifuko na soksi, na kila kidole hutazamwa. Uzi ukionekana umezama, hupelekwa hospitali papo hapo.

Tena vifungo havishonwi juu ya vifuko, kwa kuwa mtoto hutia kila kitu kinywani. Wala vifuko viwili haviunganishwi kwa kamba ndefu, maana kamba huweza kumnyonga. Mtoto afikapo penye joto huvuliwa, kwa sababu kwa mikono yake hujifunza kushika na kujua vitu.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mshonaji mwema hatosheki na uzuri wa nje. Kila mara vifuko vifuliwapo huvigeuza, akapitisha kidole chake ndani polepole, akakata kila uzi auonao, ndipo amvike mtoto.