Binti Muuguzi Akitaka Kuendelea na Masomo

Leo naweka kando chanjo na uji wa mtoto kwa sababu ya mama mmoja aliyekuja kliniki hapa Dagoretti akiwa amembeba mjukuu wake. Nilipomaliza kumpima mtoto uzito, alitoa karatasi mkobani. Binti yake ana diploma ya uuguzi, na wakala fulani ameahidi kwamba kwa kozi ya mwaka mmoja atakuwa muuguzi tabibu, kisha aende Marekani. Pesa za chama zilikuwa tayari kutolewa.

“Sista, nilipe?” akaniuliza.

Nilimwomba angoje kwanza.

Muuguzi tabibu ni muuguzi aliyesoma zaidi hadi akaruhusiwa kumchunguza mgonjwa, kutambua ugonjwa, kuagiza vipimo na kuandika dawa. Mafunzo hayo yalianza Marekani mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, chini ya muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver. Hapa Kenya tumezoea kazi ya namna hiyo ifanywe na afisa wa kliniki. Lakini tuseme ukweli, katika zahanati nyingi ni nesi huyo huyo anayepima malaria na kutoa dawa, awe na cheo hicho au asiwe nacho.

Sasa, binti mwenye diploma yuko njia panda. Anaweza kusomea diploma ya juu, kwa mfano katika chuo cha KMTC, na kubobea katika jambo moja, kama vile kuwahudumia wagonjwa mahututi au wa figo. Mimi naisifu njia hii. Ni fupi, na kwa familia inayohesabu kila shilingi huenda ikafaa kuliko zote. Ila haimfanyi awe muuguzi tabibu.

Anayetaka cheo hicho hana budi kupitia digrii. Vipo vyuo vikuu vinavyompokea mwenye diploma akasoma muda mfupi kuliko miaka minne ya mtoto aliyetoka sekondari. Chuo Kikuu cha Aga Khan hapa Nairobi kimekuwa kikiwafundisha hivyo wauguzi walio kazini. Baada ya digrii ndipo ije shahada ya uzamili. Baraza la Kimataifa la Wauguzi, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema uzamili ndio uwe kiwango cha chini kwa kazi hiyo. Ukijumlisha yote, ni miaka mitano hivi, na huenda ikazidi. Si mwaka mmoja.

Na Marekani je? Huko pia binti ataanza kwa kukaguliwa vyeti na kufanya mtihani wa leseni ya muuguzi wa kawaida, uitwao NCLEX. Masomo ya utabibu huja baadaye. Tena majimbo hayafanani: mengine humruhusu muuguzi tabibu kufanya kazi peke yake, mengine humtaka awe na makubaliano na daktari.

Kwa hivyo mama, kabla ya kulipa hata shilingi moja, uliza kama chuo kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Orodha wanayo, na ofisi yao si mbali nasi, iko kando ya Barabara ya Ngong. Chuo kisipokuwa kwenye orodha, cheti chake hakitampa binti leseni hata kikiwa na mhuri wa dhahabu. Uliza pia karo ya kozi nzima. Wengi hutajiwa ya muhula wa kwanza tu, halafu masomo yakakatika katikati.

Liko swali jingine ambalo haliandikwi kwenye fomu: siku za darasa, nani atabaki na mtoto? Nalijua swali hilo. Mimi mwenyewe nina diploma, na fomu yangu ya digrii imelala kabatini kwa sababu hiyo.

Nilipomuuliza mama yule, alicheka, akamfunga mjukuu mgongoni. “Si ni mimi,” akasema. Karatasi ya wakala akairudisha mkobani, akasema Jumatatu atakwenda na binti yake kwenye Baraza, na chama kitangoja.

Wiki ijayo tutazungumza kuhusu kuhara kwa watoto wachanga. Kwaherini.